Anza na Anayebisha Hodi: Mwongozo Kamili wa Kuitumia Karama Yako kwa Faida ya Wengine

Mwezi wa sita Tukuyu hukaa chini ya wingu. Manyunyu hayakatiki, kuni hazishiki moto, na mtu akibisha hodi asubuhi unajua ana shida ya kweli, maana hakuna anayekanyaga tope lile kwa matembezi. Asubuhi moja ya namna hiyo alikuja bibi jirani yangu, mabuti miguuni, akafungua fundo la kitenge chake na kunimwagia mezani vijikaratasi vilivyolowa pembeni. Zilikuwa stakabadhi za maziwa za mwezi mzima. "Mwanangu," akasema, "wewe ulikuwa karani. Nitazamie kama wamenilipa sawa."

Wakati ule nilikuwa na miezi saba bila kazi. Nilifanya ukarani wa mahesabu miaka 11, kisha nafasi yangu ikafutwa, nikarudi nyumbani na begi moja. Kila usiku nilijiuliza niko duniani kwa ajili ya nini, na kila asubuhi niliamka sina jibu. Nikazipanga zile stakabadhi kwa tarehe, moja moja, nikazijumlisha mara mbili. Lita 183. Alikuwa amelipwa lita 169. Lita 14 zilikuwa zimepotelea mahali fulani kati ya kopo la kupimia na daftari la malipo. Tukaongozana hadi kituo cha kukusanyia maziwa, wakakagua, wakakubali kosa, wakamlipa. Njiani kurudi akaniambia "Ndaga fijo", na sikumbuki ni lini shukrani ilinishuka moyoni kiasi kile. Kesho yake walikuja wanawake watatu, kila mmoja na fundo lake.

Imepita miaka kadhaa tangu asubuhi ile. Nimekaa na vikundi vya wafugaji, vya kina mama wauza ndizi, vya vijana wa bodaboda, kuanzia Kiwira hadi Makambako, na nimeona watu wengi wakipita njia ileile niliyopita mimi bila kujua. Ndiyo njia ninayoiandika hapa. Nimemkusudia kijana aliyemaliza chuo na sasa yuko kwao Uyole akisubiri ajira, mama wa Mafinga ambaye watoto wameondoka na nyumba imekuwa kimya, mwalimu mstaafu kule Makete, na yeyote aliyechoshwa na swali la "kusudi la maisha yangu ni nini".

Nimehudhuria semina ambazo mnenaji anakuambia ufumbe macho ukitafute kipaji chako ndani ya nafsi yako. Nilifumba macho. Niliona giza. Swali la kusudi halijibiki ukiwa umejifungia peke yako, kwa sababu jibu lake wanalo watu wanaokujia. Kwa hiyo tutaanza nao.

Hatua ya 1: Andika waliokubishia hodi

Nunua daftari dogo, au chukua kaunta buku ya zamani yenye kurasa zilizobaki. Kwa siku 30, kila jioni kabla ya kulala, andika mambo manne: nani alikuja au alipiga simu, aliomba nini, ilikuchukua muda gani, na ulijisikiaje baada ya hapo. Usiandike walioomba kukopa fedha. Hao wanakuja kwa kila mtu. Andika walioomba kitu kilichomo ndani yako: kusomewa barua ya halmashauri, kusindikizwa hospitali, kuamuliwa ugomvi, kusukwa nywele za harusi, kutengenezewa redio, kuombewa, kuonyeshwa jinsi ya kupogoa mparachichi.

Watu wengi hukwama hapa kwa sababu wanaona mambo hayo si kitu. "Hata hiyo nayo ni kazi? Mbona kila mtu anaweza?" Ukijikuta unasema hivyo, weka alama ya nyota pembeni. Mara nyingi kitu ambacho kwako ni chepesi kama kunywa maji, jirani yako kinamkosesha usingizi. Mimi kujumlisha stakabadhi 31 kulinichukua muda wa chai kupoa. Yule bibi alikuwa amekaa na mashaka yale kwa miezi bila kuwa na mtu wa kumpelekea.

Pamoja na daftari, waulize watu watatu: mmoja aliyekuzidi umri, mmoja wa rika lako, na mmoja mdogo kwako. Usiwaulize "nina kipaji gani", maana utaambiwa mambo ya kukufurahisha, au mtu ataona haya na kucheka. Uliza hivi: "Ukikwama jambo gani, mimi ndiye unanikumbuka?" Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Shangazi yangu alipoulizwa alifikiri kidogo akasema, "Kukitokea karatasi isiyoeleweka." Sikuwa nimetegemea jibu hilo, lakini nilipolitazama daftari langu niliona kweli, zaidi ya nusu ya walionijia walikuja na karatasi mkononi.

Na ukitaka kuziona karama za kijiji kizima kwa siku moja, nenda msibani. Hakuna anayepangiwa kazi kwa barua. Yupo anayefika na shoka lake kabla hajaambiwa, akaanza kupasua kuni. Yupo anayeshika daftari la rambirambi, na kila mtu anajua ni yeye kwa sababu hesabu yake haijawahi kupungua hata shilingi mia. Yupo anayejua turubai linaazimwa wapi na masufuria makubwa yako kwa nani. Yupo mama ambaye wali wa watu 200 haumuungulii. Yupo kijana anayewapokea wageni kutoka mbali, akawaonyesha pa kuweka mizigo na pa kunawa. Na yupo yule anayekaa mkekani kando ya mfiwa, hasemi kitu, amemshika mkono tu mpaka jioni. Huyo wa mwisho ana karama adimu kuliko wote niliowataja, na mara nyingi hajijui. Kumbuka misiba mitatu ya mwisho uliyokwenda. Mikono yako ilikuwa wapi? Liandike hilo nalo.

Hatua ya 2: Tenganisha unachokipenda na kinachokubeba

Baada ya siku 30, soma daftari lote kwa mkupuo mmoja, tena kwa sauti ukiweza. Utaona mambo mawili au matatu yanajirudia. Sasa tazama ile safu ya nne, ya ulivyojisikia.

Kuna uchovu wa aina mbili. Upo ule wa kutoka shambani jioni baada ya kumaliza kupalilia: mgongo unauma, lakini unapogeuka ukaona mistari iliyonyooka unatabasamu. Na upo ule wa kukaa kwenye foleni siku nzima ukarudi mikono mitupu. Karama inachosha kwa namna ya kwanza. Jambo linalokuchosha kwa namna ya pili, hata kama unalifanya vizuri na watu wanakusifu, usilijengee huduma yako. Utalifanya miezi mitatu kisha utaanza kujificha watu wakibisha hodi.

Angalia pia usichukue karama ya mtu kwa kuitamani. Huku kwetu waimbaji wa kwaya wanapendwa sana, na nimewaona vijana wakihangaika miaka kutafuta sauti ambayo hawakupewa, wakati mikono yao inatengeneza meza ambayo haiyumbi hata kwenye sakafu ya udongo.

Hatua ya 3: Litafute hitaji kwa miguu yako

Hapa ndipo nitakaa kwa muda mrefu, kwa sababu karama isiyokutana na hitaji la kweli inabaki kuwa burudani ya mwenyewe. Na hitaji kubwa mara nyingi limejificha palepale tunapojivunia.

Tazama jambo hili. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunalisha nchi. Mahindi ya Mbozi, mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Njombe, maharage, ndizi na maziwa ya Rungwe, maparachichi yanayosafirishwa nje. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoani Iringa kama asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Njombe na Rukwa ilikuwa karibu asilimia 50 kila mkoa. Wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 30. Yaani watoto wanadumaa zaidi palepale ghala lilipo.

Inawezekanaje? Ingia jikoni mwa nyumba moja wakati wa kupalilia. Mama ameondoka alfajiri. Mtoto wa mwaka mmoja ameachwa na dada yake wa miaka minane, na kwenye sufuria kuna uji mweupe wa mahindi yaliyokobolewa, ndio wa asubuhi na ndio wa mchana. Mayai ya kuku waliopo uani yanasubiri siku ya soko. Maziwa yamekwenda kituoni. Maharage yako kwenye gunia yanangoja bei ipande. Tumbo la mtoto limejaa, kwa hiyo hakuna anayeona njaa. Na siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka miwili, zikishapita hivyo, hazirudi.

Sasa nikuulize: hitaji hili linadai karama ya nani? Daktari peke yake halimalizi. Linamhitaji mama anayejua kupika uji ukavutia, ukachanganywa karanga na dagaa waliosagwa, mtoto akaumaliza. Linamhitaji mwenye ulimi wa kuwashawishi akina baba kwamba mayai matatu kwa wiki yabaki nyumbani. Linamhitaji bibi mwenye subira anayeweza kukaa na watoto sita chini ya mti wakati mama zao wako shambani. Linamhitaji kijana anayejua kufuga kuku wasife kwa mdondo, akawafundisha jirani zake kuwachanja. Hizo karama zote zipo katika kitongoji kimoja, leo, na wengi wenye nazo wanajiona hawana cha kutoa.

Au chukua lingine. Utafiti wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima mkoani Njombe ni asilimia 12.7, nchi nzima ikiwa asilimia 4.4. Nyuma ya namba hiyo kuna watoto waliolelewa na bibi zao kwa sababu wazazi walikufa kabla dawa hazijaenea, na kuna watu wanaoishi vizuri kwa dawa lakini wanachoka kuzifuata peke yao, mwezi baada ya mwezi. Mtu mwenye karama ya kusindikiza na kutunza siri ana kazi ya maisha yote hapo.

Jinsi ya kutafuta hitaji la kwenu: kwanza, usitoke nje ya umbali unaoweza kuutembea kwa miguu. Nenda zahanati siku ya kliniki ya watoto, ukae kwenye benchi, usikilize. Hudhuria mkutano wa kijiji na ukae nyuma, kule ambako watu wanasema mambo ambayo hawayasemi kwenye maiki. Mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwalimu mkuu, uwaulize kila mmoja swali moja: "Ni jambo gani linalojirudia kila wiki ambalo huna mtu wa kulishughulikia?" Swali hilo ni bora kuliko kuuliza "mna changamoto gani", maana neno changamoto sasa linajibiwa kwa orodha ya majengo na magari. Unatafuta jambo linaloweza kufanywa na mtu mmoja kwa saa mbili.

Hatua ya 4: Liandike kwa sentensi moja yenye siku na saa

Chukua karama uliyoiona kwenye daftari na hitaji ulilolikuta kwa miguu. Viunganishe kwa sentensi moja: nitafanya nini, kwa nani, wapi, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, kwa wiki ngapi.

Yangu ilikuwa hivi: "Nitawahesabia wafugaji wa kitongoji chetu stakabadhi zao, kibarazani kwangu, kila Jumanne saa 9 mpaka saa 11 alasiri, kwa wiki 8."

Nilichagua Jumanne kwa sababu siku ya soko kwetu ilikuwa nyingine, Jumamosi wapo wanaosali, na saa 9 ng'ombe wameshanyweshwa na hawajaanza kukamuliwa. Fikiria hivyo hivyo kuhusu watu wako. Fundi cherehani wa Mwanjelwa ataona Jumapili jioni ndiyo nafuu yake. Wa Mufindi anayefanya kazi ya kuchuma chai atakuwa na ratiba tofauti kabisa. Siku ikigongana na mnada, hata karama ya namna gani haitapata mtu.

Wiki 8 ziandike wazi. Ukimwambia mtu "nitakusaidia siku zote" umejifunga kamba, na ukiacha utaonekana umemtupa. Ukimwambia wiki 8, zikiisha mnakaa mnaulizana.

Hatua ya 5: Bisha hodi na wewe

Usianze kimyakimya. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, umweleze sentensi yako. Ukiwa Iringa au Njombe, "Kamwene" iliyosemwa kwa heshima, ukiwa umevua kofia, inafungua mazungumzo ambayo barua haiyafungui. Mwombe akutaje kwenye mkutano.

Kama kazi yako inahusu watoto, zungumza na wazazi kwanza, fanyia kazi mahali pa wazi panapoonekana, na mtu mzima mwingine awepo. Hapa usilegeze hata kwa rafiki. Kama inahusu afya, shikamana na zahanati, usitoe dawa wala kubadilisha maelekezo ya daktari. Kama inahusu fedha au ndoa za watu, mdomo wako uwe kaburi. Mimi nilijua mapato ya nusu ya kitongoji. Siku moja tu ningeyataja kilabuni, kibaraza changu kingekauka.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, na kosa nililolifanya

Siku ya kwanza walikuja wawili. Wiki ya tatu ilinyesha mvua kubwa, hakuja mtu, nikakaa peke yangu saa mbili nikitazama maji yakitiririka kutoka kwenye bati. Kaa. Watu wanapita mbali wanakutazama kama upo kweli. Wiki ya nne walikuja saba.

Mwezi wa tatu walikuwa zaidi ya ishirini kila Jumanne, na mimi nilifurahi, nikadhani nimefika. Kisha nikapata msiba Kyela, nikakaa huko wiki tatu. Niliporudi nilikuta mafundo ya stakabadhi yananisubiri, na mama mmoja alikuwa amelipwa pungufu akaogopa kwenda kudai kwa sababu "karani hayupo". Hapo niliumia. Nilikuwa nimewafanya wanihitaji, badala ya kuwapa kile nilichonacho.

Kwa hiyo nikabadilisha. Nilimwanzia yule bibi wa kwanza, ambaye hakuwa amesoma. Tuliketi na ungo wa maharage kati yetu. Nikamwambia, "Bibi, kila ukirudi kituoni, lita moja ni punje moja." Akachukua chupa tupu ya maji. Kila asubuhi akawa anatumbukiza punje nyekundu kwa lita alizopeleka kituoni, na punje za njano kwenye chupa ya pili kwa lita alizowakopesha majirani. Siku ya malipo anamwaga punje kwenye ungo, anazipanga makumi makumi kwa kidole, na anakwenda kituoni anajua kabisa anachodai. Mara ya kwanza alikosea kwa punje moja; ilikuwa imenasa mdomoni mwa chupa. Tangu hapo anatumia kopo lenye mdomo mpana.

Tangu wiki ya kwanza, basi, jiulize utawaachia nini mikononi. Fundi pikipiki amwonyeshe mwenye pikipiki jinsi ya kukaza mnyororo. Anayejua kuandika barua za maombi akae na kijana mpaka aandike ya pili mwenyewe. Inachukua muda mrefu kuliko kumfanyia, na mwanzoni utaona kama unapoteza wakati. Vumilia hapo.

Hatua ya 7: Habari ya fedha

Wapo wanaosema ukilipwa umeiuza karama. Siamini hivyo. Wazee wa Uhehe na Ubena walikuwa na mgowe: watu wanakusanyika shamba la mmoja, wanalima pamoja, mwenye shamba anawaandalia chakula na kinywaji, siku nyingine ni zamu ya mwingine. Hakuna aliyeona aibu kula baada ya kulima.

Utaratibu wangu ni huu. Mtu mmoja mmoja, bure. Akileta mkungu wa ndizi au lita ya maziwa, napokea kwa mikono miwili, kwa sababu kumrudishia mtu shukrani yake ni kumvunjia heshima. Kikundi chenye mfuko kinanilipa kiasi tunachokubaliana mapema, mbele ya wote, na kinaandikwa. Malipo hayo ndiyo yananiwezesha kuendelea kukaa kibarazani Jumanne bila mke wangu kuuliza watoto watakula nini.

Mkiona huduma imekua na mnataka kuwa kikundi rasmi, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kama mnawekeana na kukopeshana, sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inataka kikundi kisajiliwe. Lakini nawasihi, msiunde kikundi kwa ajili ya mkopo. Nimeona vikundi vya namna hiyo. Siku fedha zinapotoka ndiyo siku vinapokufa.

Kama unataka kuona kwa macho jinsi huduma inavyoweza kujilisha, siku ukiwa Iringa mjini pita Neema Crafts. Ilianza mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Leo kuna karakana za kusuka, kushona na kutengeneza shanga, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi: unaandika unachotaka, unaletewa. Ukikaa pale dakika kumi unaona kwamba aliyezoeleka kuitwa wa kusaidiwa ndiye anayekuhudumia wewe.

Hatua ya 8: Watakaposema, na utakapochoka

Watasema. "Huyu anautaka udiwani." "Analipwa na watu wa nje huyu." Usibishane. Endelea na siku yako na saa yako. Mwaka wa uchaguzi ukija na jina lako halipo kwenye fomu, maneno yatajifia yenyewe. Kinachouma zaidi ni yakitoka nyumbani, kwa hiyo mshirikishe mwenzio tangu hatua ya 4, na saa zake usiziibe. Kibaraza changu kinafungwa saa 11. Anayekuja saa 12 namkaribisha chai, lakini karatasi inasubiri Jumanne.

Upo pia uchovu unaokuambia umeshika kisichokuwa chako. Nilijaribu kuwafundisha watoto hesabu za shule, kwa kuwa wazazi waliniomba. Nilifanya wiki sita. Nilikuwa napandisha sauti, na watoto walianza kuniogopa. Nikamwendea binti mmoja wa jirani aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, nikampa chaki na ubao. Wiki ya pili watoto walikuwa wanamkimbilia njiani. Kumpisha mwenye karama yake ilikuwa sehemu ya kazi yangu, na nashukuru sikung'ang'ania.

Hatua ya 9: Pima

Wiki ulizoziandika zikiisha, rudi kwenye daftari na ujibu matatu. Nani maisha yake yamekuwa mepesi, kwa jina? Mimi nimebakije, nina hamu ya kuendelea au naburuta miguu? Na nani sasa anaweza kufanya jambo hili bila mimi?

La tatu ndilo ninalolipa uzito. Jumanne iliyopita yule bibi alikuja na mkwewe, msichana aliyeolewa juzi kutoka Busokelo. Sikuulizwa kitu. Bibi alimimina kopo lake kwenye ungo, akamwonyesha mkwewe kupanga makumi, akimpiga kidole kidogo kila anaporuka punje. Msichana akataja jumla. Nikachukua stakabadhi, nikajumlisha, ikawa ileile. Bibi akarudisha punje kwenye kopo, akafunga kitenge, kisha akaniuliza habari za pumba za ng'ombe, maana bei imepanda na wenzake wanafikiri kununua kwa pamoja ila hawajui pa kuanzia. Nikafungua ukurasa mpya.